Mwendo wa Pagazi Ndani ya Mbio za Singeli

Albamu ya Singeli ya Maajabu, iliyotolewa mwaka 2024 na Sisso na Maiko, watengenezaji wawili wa muziki kutoka Dar es Salaam, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes yenye makao yake Kampala, huhesabiwa na wasikilizaji wa Ulaya kuwa tawi la muziki wa hausi na tekno, yaani aina mbili kuu za muziki wa elektroniki unaotengenezwa ili watu wacheze usiku kucha katika kumbi za dansi. Hesabu hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa muziki huu nao hutengenezwa kwa kompyuta na vinanda, hutegemea mdundo usiokatika, na huishi mikononi mwa DJ kuliko midomoni mwa mwimbaji. Hata hivyo, msomaji anayetaka kulielewa toleo hilo kwa undani atafaidika zaidi akilitazama kutoka upande wa bara, kutoka Itetemia na mji wa Tabora unaoizunguka, ambako njia kuu ya misafara ilikutanisha pwani na maziwa makuu, kuliko akilitazama kutoka London au Berlin. Kwani njia hiyo ilikwisha kuwafundisha watu wa nchi hii, karne moja na nusu kabla ya kompyuta, kwamba mdundo ni chombo cha kuibeba miili ya watu wengi kwa wakati mmoja.

Kwanza ni lazima maneno yaeleweke. Hausi ni muziki uliozaliwa Chicago, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jina lake linatokana na ukumbi ulioitwa Warehouse, maana yake ghala, uliofunguliwa mwaka 1977, ambamo DJ Frankie Knuckles aliwachezesha vijana, wengi wao Wamarekani weusi na Walatino, kwa kuunganisha nyimbo za disko, kuzirefusha na kuzitia mapigo ya mashine. Disko yenyewe ilikuwa imetangaziwa vita: tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park jijini humohumo, kreti la santuri za disko lililipuliwa hadharani mbele ya maelfu ya watu walioshangilia. Hausi ni kile kilichobaki hai baada ya mlipuko huo. Sifa yake ya msingi ni teke la ngoma kubwa linalosikika katika kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka hata moja, kwa kasi ya mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Tekno ilizaliwa karibu na hapo, katika jiji la viwanda vya magari la Detroit, kwa mikono ya Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, vijana weusi waliosoma pamoja katika kitongoji cha Belleville. Nayo ni kavu zaidi, ina sauti za mashine zisizojificha kuwa ni mashine, na kwa kawaida huenda kasi kuliko hausi. Ala zilizozaa aina zote mbili, hasa mashine za ngoma za kampuni ya Roland ya Japani, TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983, zilipatikana kwa bei nafuu madukani kwa sababu wanamuziki wa kawaida waliona hazifanani na ngoma halisi. Jambo hilo la bei litarudi tena katika maelezo haya, kwa kuwa historia ya muziki wa dansi wa mashine, popote ulipozaliwa, ni historia ya watu waliochukua kifaa kilichodharauliwa wakakifanya kiseme.

Toleo la muziki wa klabu nalo si kitu kilekile na albamu ya mwimbaji. Tangu mwaka 1976, pale lebo moja ya New York ilipoanza kuuza santuri za inchi 12 zenye wimbo mmoja mrefu kila upande, wimbo wa dansi umekuwa malighafi kuliko bidhaa iliyokamilika. Mwanzo wake hauna maneno wala tuni, bali mapigo matupu yanayodumu dakika nzima au zaidi, na mwisho wake ni hivyohivyo, ili DJ aweze kuuingiza wimbo mmoja ndani ya mwingine pasipo wachezaji kusimama; katikati kuna mahali ambapo besi huondolewa ghafla kisha ikarudishwa, na mahali hapo ndipo ukumbi hulipuka kwa kelele. Anayeusikiliza wimbo kama huo akiwa ameketi nyumbani hulalamika kwamba haufiki popote. Malalamiko hayo ni ya haki kwa upande wake, lakini yanafanana na mtu kulaumu nguzo ya nyumba kwa kutokuwa na dirisha: wimbo wa klabu hukamilika pale tu watu wanapoingia ndani yake kwa miguu yao.

Kwa msomaji wa Kiswahili dhana hii haipaswi kuwa ngeni hata kidogo, kwa kuwa lugha yenyewe imeihifadhi. Neno ngoma lina maana ya ala inayopigwa, ya mchezo unaochezwa, na ya shughuli nzima inayowakusanya watu, na mzungumzaji haoni haja ya kuzitenganisha maana hizo; leo kijana anayesema ngoma fulani ni kali huwa anausifu wimbo uliorekodiwa, na kwa kusema hivyo anaendeleza, bila kukusudia, fikra ya kale kwamba wimbo, mpigaji na mchezaji ni kitu kimoja. Lugha nyingi zilihitaji kubuni istilahi mpya ili kueleza kile kilichotokea katika ghala la Chicago. Kiswahili kilikuwa nayo tayari.

Singeli ilichipuka katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati katikati ya miaka ya 2000, na mizizi yake ni ya kienyeji kuliko wageni wengi wanavyodhani. Mzizi mmoja ni mchiriku, muziki wa vijana uliochukua midundo ya ngoma za Wazaramo na chakacha ya pwani ukaitia katika kinanda kidogo cha Casio, cha aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kujifunzia, kilichounganishwa na spika za tarumbeta na kusindikizwa na ngoma nyingi. Kundi la Jagwa Music, lililotoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji, ndilo lililoupeleka muziki huo mbali zaidi. Mzizi mwingine ni taarabu ya kisasa, na hapa pana ufundi unaostahili kuelezwa: ma-DJ wa sherehe walizoea kuchukua kipande cha mwisho cha wimbo wa taarabu, pale ambapo mwimbaji amekwisha kunyamaza na ala zimechangamka, wakakirudia tena na tena na kukiongeza kasi, na juu yake kijana mwenye kipaza sauti akaanza kughani. Kurudiarudia kipande namna hiyo ndiko vijana huita kuluupu, na ndiko hasa walikokuwa wakifanya akina Knuckles kwa nyimbo za disko. Hakuna ushahidi kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Wote wawili walikuwa na wachezaji mbele yao waliokuwa wakidai kwa miili yao kwamba sehemu tamu isiishe.

Uwanja wa muziki huo ulikuwa ni kigodoro, yaani sherehe ya mkesha inayofanyika mtaani, aghalabu usiku wa kuamkia harusi au shughuli ya unyago, ambapo spika hupangwa barabarani na watu hucheza hadi alfajiri. Viongozi wa mitaa na wilaya wamewahi kupiga marufuku vigodoro kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya uchezaji wanaouona kuwa hauna staha, na lawama hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa mgonjwa na mtoto wa shule nao wana haki ya kulala. Lakini ni kweli vilevile kwamba mitaa hiyo haikuwa na kumbi, na kwamba vijana wasiokuwa na kiingilio cha klabu za mjini walijitengenezea klabu yao juu ya vumbi. Kuanzia mwaka 2014 kituo kipya cha EFM kiliufungulia muziki huo mawimbi ya redio, na ulipofika mwaka 2016, Man Fongo na wimbo wake Hainaga Ushemeji, pamoja na Msaga Sumu aliyekuwa amekwisha kujijengea jina, walikuwa wameutoa singeli mtaani na kuuingiza katika masikio ya nchi nzima.

Mwaka uliofuata, 2017, Nyege Nyege Tapes ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na hapo ndipo wapenzi wa tekno wa Ulaya waliposikia kwa mara ya kwanza muziki wa dansi wenye kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika na wakati mwingine kukaribia 300. Yakafuata mengine kwa haraka: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso mwenyewe na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, mkusanyiko wa Sounds of Pamoja kutoka studio ya Duke mwaka 2021, kisha Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Ukiyasikiliza kwa mfuatano, unaona jambo moja likikua: mghani anazidi kupungua na ala inazidi kutawala, hadi katika Singeli ya Maajabu ambamo vinanda vya Maiko na mapigo ya Sisso ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Huu ndio mwelekeo unaoifanya singeli ya studio hizo iwe ndugu wa kweli wa tekno, na ni mwelekeo unaotofautiana na singeli ya redioni, ambayo bado humtegemea mwimbaji, mzaha wake na mafumbo yake. Zote mbili ni halali. Kosa ni la wale wanaoidhania ya kwanza kuwa ndiyo peke yake kwa sababu ndiyo iliyovuka bahari.

Kasi hiyo imesemwa sana na kueleweka kidogo. Mtu akisikia mapigo 220 kwa dakika hudhani kwamba mchezaji analazimika kurukaruka mara 220, jambo ambalo mwili hauwezi kulistahimili kwa usiku mzima. Lakini anayewatazama wachezaji wa kigodoro huona kwamba nyonga na mabega yao huchukua pigo moja na kuliacha la pili, hivyo mwili unakwenda kwa mapigo 110, huku mapigo yaliyobaki yakipita juu yake kama mvua juu ya bati. Sasa, hatua za mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida ni kati ya 100 na 120 kwa dakika. Maana yake ni kwamba chini ya mbio za singeli umefichwa mwendo wa miguu, na mwendo huohuo ndio uliomo katika hausi ya Chicago, inayokwenda kasi kidogo tu kuliko mtembezi mwenye haraka, na katika amapiano ya Afrika Kusini, inayokaa karibu kabisa na hatua 110. Muziki wa dansi unaodumu saa nyingi hauwezi kwenda mbali na mguu wa binadamu, hata pale unapojifanya kuukimbia.

Na hakuna mahali katika Afrika Mashariki palipojua habari za mguu wa binadamu kuliko Unyamwezi. Itetemia, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora na ambayo jina lake limefungamana na utemi wa Unyanyembe na ukoo wa Fundikira, iko katikati ya eneo ambalo misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipumzika, ikagawanyika na kuajiri watu upya. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kama wageni walivyoiita Tabora, mwezi Novemba 1857, baada ya zaidi ya siku 130 za safari kutoka pwani. Henry Stanley na David Livingstone waliishi katika tembe la Kwihara, jirani na hapo, mapema mwaka 1872. Vitabu vya wageni hao hufanya ionekane kana kwamba safari zilikuwa zao, ilhali Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao za ndovu tangu mwanzoni mwa karne hiyo, kwa misafara yao wenyewe, na kijana ambaye hajawahi kwenda akarudi alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walikuwa njiani. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria na silaha.

Msafara kama huo haungeweza kwenda bila muziki. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia aliyechaguliwa na wapagazi wenyewe, akiwa amevaa nguo nyekundu na manyoya yanayoonekana kwa mbali, na karibu naye alikwenda mpiga ngoma. Pembe zilipulizwa wakati wa kuondoka na wakati wa kuingia mjini, na nyimbo za kuitikiana zilianzishwa na mmoja na kupokewa na mstari mzima wa watu, ambao mwisho wake ulikuwa mbali kiasi cha kutoonana na mwanzo. Kazi ya nyimbo hizo haikuwa burudani pekee. Mtu aliyechoka ambaye mguu wake umeshikwa na mdundo hupiga hatua nyingine kabla hajaamua kuipiga, na mstari wa watu mia tano wanaokwenda kwa hatua moja hauachi mapengo ya kumshawishi mnyang'anyi. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na majirani zao wa magharibi mwa Tanzania na kuzichapisha katika kitabu mwaka 2010, ameonyesha jinsi desturi hiyo ya kuunganisha kazi na muziki ilivyohama kutoka njia ya misafara na uwindaji wa ndovu hadi mashambani, ambako vikundi vya kulima hupiga ngoma huku majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, na ambako bugobogobo, ngoma ya majembe yanayorushwa hewani, ilipata umaarufu wake.

Haina maana kudai kwamba vijana wa Mburahati waliirithi singeli moja kwa moja kutoka kwa wapagazi. Ukoo wa singeli ni wa pwani, na umekwisha kuelezwa. Linalodaiwa hapa ni dogo zaidi na la uhakika zaidi: kwamba DJ anayeongoza ukumbi kwa mapigo yasiyokatika na kirangozi anayeongoza msafara kwa ngoma wanafanya kazi moja, na kwamba watu wa njia hii waliipa kazi hiyo cheo, mavazi na malipo. Katika kumbi za ng'ambo ilichukua miaka mingi kwa DJ kuhesabiwa kuwa mwanamuziki. Katika msafara wa Kinyamwezi hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba anayeshika mdundo ndiye anayeshika safari.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo ulihama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, lakini njia ya muziki ilibaki ileile na ikaongezeka kasi. Beni, ngoma ya gwaride na matarumbeta iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya, iliingia bara pamoja na askari na makarani. Baadaye, kutoka magharibi, zikaja rumba za Kongo kwa santuri na redio. Katika makutano hayo Tabora ilizaa bendi ambazo mji wenye ukubwa wake haukutazamiwa kuzizaa: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz, ambayo ikiwa na Shem Karenga iliimba Dada Asha, wimbo ambao Watanzania wengi wanaujua hata wasipojua ulitoka wapi. Wana wa mikoa ya magharibi waliohamia Dar es Salaam walianzisha huko Western Jazz mwaka 1959. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Western Jazz walikuwa na saboso, Tabora Jazz walikuwa na segere matata, kama NUTA Jazz walivyokuwa na msondo na Mlimani Park walivyokuwa na sikinde. Majina mengi ya namna hiyo yalichukuliwa kutoka ngoma za jadi. Segere na sikinde ni ngoma zinazojulikana kwa Wazaramo, na hivyo bendi ya Tabora ilijivika jina la ngoma ya pwani bila kuona aibu, kama msafara unavyorudi na nguo za huko ulikokwenda. Mpenzi wa muziki wa klabu anayejivunia kutambua tofauti kati ya hausi ya Chicago na tekno ya Detroit kwa kusikiliza pigo moja tu angeelewana mara moja na mzee wa Tabora anayeweza kukwambia bendi ni ipi kwa kusikia jinsi gitaa la besi linavyoingia.

Bendi hizo nazo zilikuwa na matoleo yao, na njia ya matoleo hayo inafundisha jambo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya nchi ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo iliyozirekodi bendi. Santuri zenyewe zilikandamizwa Nairobi, kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha kazi hiyo Tanzania, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983 hata njia hiyo ikawa ngumu. Wimbo uliotungwa Tabora uliweza kufika kila nyumba yenye redio na mtunzi wake asione senti inayolingana na umaarufu wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati kizazi kizima cha watunzi hao kilikuwa kimekwisha kuzeeka.

Matoleo ya singeli yamepata bahati tofauti, na kwa kiasi fulani bora, lakini swali la nani analipwa halijaondoka. Nyege Nyege Tapes ilianzishwa na Derek Debru na Arlen Dilsizian, wageni waliohamia Kampala, wakiwa pia waandaaji wa tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015 mjini Jinja, kwenye chanzo cha Nile. Jina lenyewe, ambalo msemaji wa Kiswahili hulisikia kwa haya, waandaaji hao hulieleza kwa maana yake ya Kiganda ya hamu ya kucheza inayompanda mtu ghafla. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kulizuia tamasha hilo, kisha likaruhusiwa. Kupitia lebo hiyo na matawi yake, wasanii wa Dar es Salaam wamepata pasi za kusafiria, maonyesho ya Ulaya na majina yao yaliyoandikwa ipasavyo kwenye jalada, mambo ambayo akina Zahoro hawakuyapata. Hata hivyo, santuri na kaseti zao hununuliwa na watu wa miji ya mbali, ilhali nyumbani muziki huohuo husafiri bure kutoka simu hadi simu na kwa vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye memori kadi. Pagazi wa Unyamwezi alikubaliana ujira wake kwa mikono ya kitambaa, merikani au kaniki, kabla ya kuinua mzigo, akadai posho yake ya chakula kila kituo, na alipodhulumiwa aliuweka mzigo chini akaondoka, hata kama tajiri wake alikuwa Mzungu mwenye bunduki. Hiyo ni desturi ya kazi yenye heshima kubwa, na mtengenezaji wa biti anayekabidhi faili lake kwa ahadi ya mdomo angefaa kuikumbuka kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kuhusu Tabora yenyewe, muziki wa kumbi na sherehe zake leo ni uleule unaosikika kote nchini: bongofleva, amapiano iliyopanda kutoka Afrika Kusini, na singeli inayoletwa na mabasi na intaneti. Lakini nchi jirani ya upande wa kaskazini imetoa mfano ambao unastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko mfano wa Dar es Salaam. Gulu ni mji wa bara nchini Uganda, mbali na Kampala, na vita vya miaka mingi viliwafanya Waacholi wengi kushindwa kugharimia vikundi kamili vya larakaraka, ngoma yao ya uchumba na harusi. Mwimbaji Otim Alpha na mtengenezaji Leo PaLayeng wakaziweka nyimbo hizo kwenye kompyuta, mtu mmoja akifanya kazi ya kundi zima, na kazi hiyo ikatolewa mwaka 2017 kwa jina la Gulu City Anthems. Hakuna klabu iliyohusika katika kuuzaa muziki huo. Ulizaliwa kwa sababu harusi zilikuwa zinaendelea na fedha hazikutosha, na ulipofika Ulaya ulichezwa baina ya nyimbo za tekno pasipo kuhitaji kurekebishwa.

Unyamwezi una hiari ya moyo, ngoma inayojulikana nchi nzima, na una ngoma za chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka, pamoja na nyimbo za kulima ambazo mapigo yake yalikwisha kupimwa na migongo ya watu kwa vizazi vingi. Programu ya kutengenezea muziki inayotumika katika studio za Mburahati inaingia katika kompyuta ya mkononi ya kawaida, na spika za harusi ziko kila kata. Fundi atakayeketi kuzirekodi ngoma hizo kwa nia ya kuzitia katika muziki wa klabu atagundua mapema kwamba hahitaji kuitafuta ile sauti nyembamba na kali ambayo katika hausi hutolewa na matasa ya mashine baina ya teke moja na jingine, sauti inayomwambia mchezaji wapi pa kukanyaga. Tayari imefungwa kwenye vifundo vya miguu ya wachezaji, katika njuga, na hulia kila mguu unapotua.